Usiikate Sauti ya Mtangazaji: Niliyoyaona Ndani ya Kanda 43 za Mzee Mmoja wa Moshi

Mwezi wa saba, baridi ya Arusha ikiwa imenifungia ndani, niliingiwa na ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Moshi. Ameniruhusu niunukuu:

"Shikamoo kaka. Baba yetu alifariki mwaka jana. Alikuwa mtangazaji. Ameacha kanda kwenye boksi la sabuni, nyingine zimeandikwa, nyingine hapana. Mama anasema zitupwe, zinajaza vumbi tu. Mimi nataka jingo moja, ile aliyokuwa anaisema yeye mwenyewe, niiweke kwenye simu. Unaweza kunikatia?"

Jingo, kwa asiyeijua, ni lile tangazo fupi la kituo kujitambulisha hewani. Lakini neno la mwisho la ujumbe huo ndilo lililoninyima usingizi. Kunikatia.

Wiki iliyopita nilimaliza boksi lile. Kanda 43, usiku baada ya usiku, karibu saa 50 za kusikiliza. Ninaandika haya kwa sababu najua wengi mnaosoma hapa mna boksi kama lile chini ya kitanda au juu ya kabati, na siku moja mtataka kufanya kama nilivyofanya. Nataka mfanye vizuri kuliko mimi nilivyoanza.

Tuanze na huko kukata. Mimi nimekulia Majengo, Moshi. Kaka yangu mkubwa alikuwa na redio kaseti ya National, na betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati ili zipate nguvu ya jioni moja zaidi. Wakati huo redio ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Radio One ilikuja mwaka 1994, na vituo vya FM vya huku kwetu vikafuata baadaye. Kazi ya kaka ilikuwa kunasa nyimbo. Anakaa, kidole juu ya kitufe, wimbo ukianza anabonyeza, mtangazaji akifungua mdomo tu anasimamisha. Aliyeweza kunasa wimbo bila neno hata moja la mtangazaji alisifiwa mtaa mzima. Nami nilipopata redio yangu nilifanya vilevile, na nilijivunia.

Leo nyimbo zile zote zipo. Ukitaka utazipata kwenye simu dakika hii hii, tena safi kuliko zilivyosikika siku ile. Kisichopatikana ni tulichokuwa tunakikata: mtangazaji anayetaja saa, tangazo la duka la vitambaa ambalo halipo tena, msiba unaotangazwa na jina la kijiji, jingo ya kituo ambacho masafa yake siku hizi yana kelele tupu. Vimebaki pale tu ambapo kidole cha mtu kilichelewa. Sekunde tatu hapa, tano pale, kabla wimbo haujaanza. Ninapokusanya jingo za zamani za Arusha na Moshi, kwa kweli ninakusanya ucheleweshaji wa vidole vya watu.

Ndiyo maana nilimjibu yule dada: sikukatii kitu. Nitapakua kila kanda, yaani kuiingiza sauti yake kwenye kompyuta, upande mzima, kuanzia utepe mweupe wa mwanzo usio na sauti mpaka kanda inapogonga mwisho, halafu jingo yako tutaitoa kwenye nakala. Hakufurahi. Alisema atasubiri mpaka lini. Nikamwambia avumilie.

Kuna sababu nyingine ya ukali wangu huu, na imenichukua miaka mingi kuisema hadharani.

Mwaka 2009 nilikuwa na kanda 26 za vipindi vya redio, nyingi zikiwa za kaka yangu, ambaye wakati huo alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Ofisi moja ya utangazaji, sitaitaja, ilisikia habari zangu. Wakaniita kwa heshima zote, wakaninywesha chai, wakasema wanaandaa maktaba ya sauti, wanazo mashine, kanda zangu zitawekwa kwenye kompyuta na nitarudishiwa pamoja na nakala. Niliwapa boksi zima. Sikuandikishiana nao chochote. Sikupakua hata moja kwanza, kwa sababu niliamini mashine zao ni bora kuliko deki yangu ya kuchezea kanda.

Nilifuatilia mwezi wa kwanza, wa tatu, wa saba. Aliyenipokea akahamishwa. Mwaka 2011 nilipokwenda tena, ofisi ilikuwa imehamia jengo jingine, na kijana wa mapokezi akaniambia bila ubaya wowote: "Zile kanda za zamani? Tulisafisha stoo tulipohama."

Ndani ya boksi lile kulikuwa na kipindi cha salamu ambamo mtangazaji anasoma kadi ya mama yangu. Analitaja jina lake kamili, anataja Majengo, anataja shangazi zangu wote mmoja mmoja na watoto wao, kisha anasema anayewasalimu anasema msisahau kwenu. Mama alikuwa ameinunua kadi ile kwa fedha ya mboga. Sikuwa na nakala. Mama naye sasa hayupo, na hakuna mahali popote duniani ambapo jina lake linasomwa kwenye redio.

Siwalaani. Lakini sijapona, na ukiona ninakufokea katika mistari inayofuata, ujue ninatokea wapi.

Sheria ya kwanza, basi, na kwangu ndiyo nusu ya kazi yote: kanda asili isitoke mikononi mwako kabla hujaipakua. Si kwa kituo cha redio, si kwa chuo, si kwa mgeni mwenye kamera nzuri, si kwa mjomba anayesema ana rafiki Dar. Pakua kwanza, hata kama mashine yako ni duni. Nakala duni uliyo nayo inaishinda nakala bora uliyoahidiwa. Nasema tena: pakua kwanza.

Usidhani kwamba vituo vyenyewe vimehifadhi. Duniani kote vituo vilikuwa vikifuta kanda na kurekodi juu yake, kwa sababu kanda ilikuwa ghali na kipindi cha jana hakikuwa na mwenyewe. Na kanda zetu za huku nyingine hazikuwahi kukaa huku. Fikiria studio ya Sauti ya Injili pale Moshi: miaka ya 60 na 70 ilikuwa ikitengeneza vipindi vya Kiswahili vilivyorushwa na kituo cha masafa mafupi kilichokuwa Addis Ababa, kilichoanza mwaka 1963. Sauti ikarekodiwa chini ya Kilimanjaro, kanda ikasafirishwa Ethiopia, na kipindi kikarudi hewani mpaka sebuleni kwa Mchagga wa Machame. Mwaka 1977 serikali ya kijeshi ya huko ikakitaifisha kituo kile. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na redio kaseti Machame na akanasa kipindi kimoja nyumbani kwake huenda ameshika kitu ambacho hata waliokitengeneza hawana. Mtu huyo anaweza kuwa bibi yako. Umewahi kumuuliza?

Haya, deki. Kaseti ilibuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1963 (jina ambalo kwetu Arusha ni mahali, watu wanashuka daladala hapo kila siku), na mashine zenyewe ndizo zinazokwisha kuliko kanda. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, walitoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku, na mwaka uliokuwa ukitajwa na wataalamu kama ukingo ulikuwa 2025, si kwa sababu kanda zote zitakufa siku hiyo, bali kwa sababu mashine nzima, vipuri na mafundi wanaozijua vinaadimika. Mimi nilipata deki yangu kwa fundi mmoja wa Kilombero ya hapa Arusha, ilikuwa imelala chini ya televisheni tatu mbovu. Tulibadilisha mipira yake miwili. Ukiona deki nzima leo, nunua. Usingoje mwisho wa mwezi.

Safisha hedi, kile kichuma kinachosoma kanda, kwa spiriti kali na pamba ya vijiti kabla ya kila kanda. Nimesema kila kanda. Kanda za zamani zinaacha unga wa kahawia kwenye hedi, na kanda ya pili ikipita juu ya unga wa kwanza utasikia mtangazaji kama anaongea akiwa amefunikwa blanketi. Kanda yenye ukungu mweupe usiiingize kabisa mpaka uifungue na kuifuta. Masika ya kwetu na nyumba za Kibosho zilizozungukwa na migomba huzalisha ukungu huo kuliko unavyofikiri. Ile sponji ndogo ya katikati ikiwa imedondoka, toa ya kanda nyingine isiyo na thamani. Vile vijino viwili vya juu, kama havijavunjwa, vivunje sasa hivi, ili asije mtoto akabonyeza kitufe chekundu.

Kisha peleka kanda mbele hadi mwisho na uirudishe nyuma hadi mwanzo bila kucheza. Kanda iliyolala miaka 20 imeshikana yenyewe kwa yenyewe. Hii nilifundishwa na hasara: kanda moja ya dakika 120, ambayo utepe wake ni mwembamba kuliko wa dakika 60, niliicheza moja kwa moja na ikajikunja ndani ya deki kama tambi. Iliponyooka, sauti ilikuwa imekwenda.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni skrubu ndogo iliyo pembeni ya hedi. Kila redio kaseti ilirekodi na hedi yake imekaa kwa pembe yake, hivyo kanda iliyorekodiwa kwenye National ya baba yako inaweza kusikika butu kwenye deki yako ingawa ni nzima kabisa. Zungusha skrubu hiyo taratibu huku unasikiliza. Muziki hautakusaidia sana. Msikilize mtangazaji anaposema "s": "saa sita na dakika sita". Pale "s" inapokata kama wembe, acha hapo. Nilipofanya hivyo kwa kanda ya tatu ya boksi la Moshi, niliruka kwenye kiti. Sauti niliyodhani imekufa ilikuwa imekaa pale muda wote ikisubiri robo mzunguko wa bisibisi.

Unganisha deki na kompyuta kwa waya. Usiweke simu mbele ya spika, nakusihi. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Rekodi katika WAV, faili lisilobanwa sauti, si MP3. Mimi ninatumia kilohezi 96 na biti 24, ambayo hula takriban gigabaiti mbili kwa saa moja, na boksi zima lilifika kama gigabaiti 100. Ukiwa na diski ndogo tumia kilohezi 48. Usiipandishe sauti mpaka kipimo chake kikagusa wekundu. Na upande mzima, ndugu zangu, upande mzima. Usisimamishe hata wimbo usioupenda unapopita.

Usisafishe nakala ya kwanza. Hili nalirudia kwa vijana hasa, maana mnapenda kubonyeza kitufe cha kuondoa kelele kabla hamjasikiliza kelele yenyewe. Kanda ya tisa ya mzee yule imeandikwa kwa kalamu ya bluu "Aprili 84". Ni tarehe 12, siku Waziri Mkuu Edward Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari, na Mwalimu Nyerere mwenyewe anawatangazia wananchi kupitia Radio Tanzania. Mzee hakuwa na waya. Aliiweka redio kaseti mbele ya redio nyingine mezani, ikarekodi kwa maikrofoni yake ndogo. Kwa hiyo ndani ya kanda ile kuna Mwalimu, na nyuma ya Mwalimu kuna nyumba ya watu wa Moshi: jogoo, sufuria inayowekwa chini, mtoto anayekohoa, na mwanamke anayesema kwa sauti ndogo, "Hebu nyamazeni." Kisha hakuna anayesema kitu kwa muda mrefu sana. Hotuba ile ipo kwingine. Ule ukimya wa nyumba ile uko kwenye kanda hii peke yake, na programu ya kuondoa kelele ingeufuta kwa sekunde mbili.

Sasa kuhusu kasi. Kanda za enzi za betri za kuanika zina ugonjwa wao. Betri ikichoka, mota ilizunguka polepole wakati wa kurekodi. Ukicheza leo kwenye deki yenye kasi sahihi, mtangazaji anaanza kawaida na kila dakika anaharakisha na sauti yake inakuwa nyembamba, mpaka mwisho wa upande anaongea kama mtoto. Usiitupe kanda hiyo ukidhani imeharibika. Kama imenasa ile milio ya saa kamili, pima: kati ya mlio na mlio inapaswa kuwa sekunde moja. Rekebisha kwenye nakala ya pili, hatua kwa hatua. Kazi hii inachosha, sitaieleza yote, ila mtangazaji anaporudi kwenye sauti yake ya kiutu uzima, utajua hukupoteza usiku wako.

Faili lipe jina siku hiyo hiyo. Namba ya kanda, upande, mwaka kama unaujua. Andika kila kilichoandikwa kwenye ganda, hata kama ni deni la sukari. Weka nakala tatu, na moja isikae nyumba moja na nyingine. Zangu za kazi hii ziko mbili Arusha na moja Moshi kwa mwenyewe. Kanda zenyewe zisimame wima kama vitabu, mbali na spika, na si darini chini ya bati. Na usizitupe baada ya kupakua! Aliyekudanganya kwamba kompyuta inatosha hajawahi kufiwa na diski.

Ukitaka kuzirusha mtandaoni, kumbuka kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nayo inavilinda hata vituo vya utangazaji. Omba ruhusa. Kuhifadhi nyumbani kwa ajili ya familia ni kitu kimoja, kujipatia wafuasi kwa sauti ya marehemu wa watu ni kitu kingine, na mimi nimeona watu wakifanya hilo la pili bila hata kumtaja mwenye sauti. Wanasikitisha.

Jingo ya yule dada tuliipata kwenye kanda ya 38, upande wa pili, upande ambao kwenye ganda umeandikwa "tupu". Dakika kumi na tisa za kwanza ni tupu kweli. Angekuwa amenipa nikate, ningekwenda mbele kwa kasi na kusema hapa hakuna kitu. Dakika ya ishirini mlango unafungwa, mtu anakohoa, na mzee anaanza.

Anaisema jingo mara saba. Ya kwanza anajikwaa kwenye namba ya masafa. Ya pili fundi mitambo anamwambia amekaa mbali na maikrofoni. Ya tatu na ya nne ni nzuri, lakini mwenyewe hataki. Kati ya ya tano na ya sita anasikika akisema, "Fanya haraka bwana, Hiace ya mwisho itaniacha. Nimemwahidi mama watoto nitafika mapema leo." Ya saba ndiyo ile iliyorushwa hewani miaka yote ile, sekunde kumi na moja, ambayo binti yake anaikumbuka.

Jumamosi nilipanda gari nikaenda Moshi na kompyuta yangu. Mama alikuwa jikoni, hakutaka kuja, alisema mambo ya kanda ni ya watoto. Binti yake akaongeza sauti. Mlango ulipofungwa ndani ya kanda na yule mtu akakohoa, mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akakaa kwenye kochi karibu na mlango. Alisikiliza mara zote saba. Ilipofika pale pa Hiace aliuinamia mwiko wake.

"Siku hiyo alifika saa nne usiku," alisema. "Nilimnunia siku mbili."

Kisha akamwambia binti yake airudishe pale mlango unapofungwa.